Kusubu sanamu ndogo ya bronzi kwa mfano wa stairofomu: mwongozo kwa mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa njia hii unachonga mfano kwa stairofomu, unaupaka ganda jembamba, unaufukia kwenye mchanga mkavu, kisha unamimina bronzi iliyoyeyuka juu yake. Stairofomu haitolewi kwanza. Inaungua yenyewe bronzi inapoingia, na bronzi inashika nafasi yake papo hapo. Hataza ya njia hii ilitolewa Marekani mwaka 1958 kwa Harold Shroyer, na tangu hapo imewafaa wachongaji wanaoanza kwa sababu haitaki kalibu ya vipande viwili wala tanuri la kuyeyushia nta. Gharama yake ni kwamba mfano mmoja hutoa sanamu moja tu. Umiminaji ukiharibika, unarudi kwenye kisu na kuchonga upya.

Shika jambo moja toka mwanzo. Stairofomu karibu yote ni hewa, plastiki yenyewe haifiki asilimia 2. Hata hivyo, hiyo kidogo ikikutana na metali ya nyuzi 1,150 inageuka gesi kwa ghafla na kutaka pa kutokea. Pa kutokea ni mahali pamoja tu: ipenye kwenye ganda, halafu ipite katikati ya punje za mchanga. Kazi nyingi zilizoelezwa humu, kuanzia kuchekecha mchanga hadi kupima uzito wa ganda, zipo ili njia hiyo isizibwe. Fundi anayelielewa hili atatambua mwenyewe kwa nini sanamu yake imetoka na matundu.

Mfano wa mwongozo huu ni fahali wa kienyeji mwenye nundu, urefu sentimita 18 toka pua hadi mkia, amesimama juu ya kitako cha unene wa sentimita 1.5. Tumemchagua kwa sababu ana kila kitu kinachosumbua: tumbo nene, miguu myembamba na pembe zinazochongoka.

Mfano

Stairofomu ya kwenye makasha ya TV na friji inafaa, na kwenye maduka ya Mwanjelwa jijini Mbeya au mjini Iringa mara nyingi hutupwa tu. Chagua yenye punje ndogo zilizobanana. Ya punje kubwa huchomoka punje nzima nzima ukipitisha kisu, na kila shimo la punje utaliona kwenye bronzi kama alama ya ndui. Ila usikimbilie iliyo ngumu kupita kiasi, zile bao za rangi za kuzuia joto kwenye vyumba vya baridi. Zinachongeka vizuri mno, lakini zina plastiki nyingi kwa kila sentimita, kwa hiyo hutoa gesi na masizi mara mbili. Uzito wa gramu 16 hadi 20 kwa lita moja ndio wa kutafuta.

Umbo la jumla katia kwa waya wa moto. Waya wa nikromu utaupata kwenye koili ya jiko la umeme lililokufa. Unyooshe, chukua sentimita 30 za waya wa unene wa milimita 0.3, uuvute kwenye upinde wa mbao, halafu uunge na betri ya pikipiki ya volti 12. Ukiunga moja kwa moja waya utawaka mwekundu na kuteketeza stairofomu badala ya kuikata, kwa hiyo pitisha umeme kwanza kwenye taa ya indiketa ya wati 21. Taa itakula sehemu ya umeme na waya utabaki kwenye joto linalofaa. Kipimo chake ni kwa macho na masikio: waya usiwake rangi, usitoe moshi, upite sentimita moja kwa sekunde mbili au tatu kwa mnong'ono mdogo bila kusukumwa. Ukisukuma, waya unajipinda katikati na mgongo wa fahali unatoka na bonde usilolikusudia.

Baada ya hapo ni kisu chembamba cha kukatia karatasi, chenye makali mapya. Kisu butu huchana. Kata kwa kuvuta mkato mrefu, usichokonoe. Nundu ya fahali huyu, kwa mfano, usiitoe kwa mikato mingi midogo. Weka kisu begani, kilaze, kivute hadi shingoni kwa mkono mmoja, na uso utabaki laini kama ganda la yai. Malizia kwa msasa namba 120, kisha 220, ukisugua kwa mzunguko bila kukandamiza.

Miguu isipungue milimita 8. Pembe nazo ziache na unene wa milimita 8 hata kama zinaonekana nene na za ajabu. Utazipunguza kwa tupa baadaye. Pembe ya milimita 3 iliyochongwa vizuri kwenye stairofomu haitajaa kamwe, maana bronzi ikifika pale imeshapoa na imesukuma gesi yote mbele yake.

Mashimo ziba kwa nta ya nyuki iliyolainishwa vidoleni, kidogo tu. Vipande unga kwa gundi nyeupe ya mbao, tone dogo katikati. Gundi ya viatu na nyingine zenye harufu ya petroli zinaila stairofomu na kuacha pango ndani. Kumbuka pia kwamba bronzi husinyaa ikiganda, kiasi cha asilimia 1.5. Fahali wa sentimita 18 atapungua karibu milimita 3. Kwa sanamu haina neno, ila kama kitu kinatakiwa kuingia mahali fulani, chonga kikubwa kwa kiasi hicho.

Mkondo wa kumiminia

Fahali huyu atasubiwa miguu juu. Kitako chake ndicho kinene na ndicho tambarare, kwa hiyo kikikaa juu kitabaki na moto muda mrefu na kuilisha miguu inapoganda. Ukifanya kinyume, tumbo litanywa bronzi ya miguu, na utakuta miguu ina nyufa karibu na kwato.

Kata kijiti cha stairofomu cha milimita 20 kwa 20, urefu sentimita 12, ukigandishe katikati ya upande wa chini wa kitako. Huo ndio mkondo. Kwenye ncha yake ya juu kitakaa kikombe cha kumiminia: kopo la nyanya lililotolewa pande zote mbili, kipenyo kama sentimita 5.5, limepakwa udongo ndani na kukaushwa mpaka basi. Urefu wa mkondo ndio unaotoa nguvu ya kusukuma bronzi hadi kwenye pembe kule chini. Mkondo wa sentimita 5 huokoa bronzi na kupoteza pembe.

Kiasi cha bronzi

Usikisie. Kata mche wa sentimita 10 kwa 10 kwa 10 kutoka kwenye stairofomu ileile. Huo ni lita moja. Upime kwenye mizani ndogo ya gramu, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu kule Chunya. Tuseme umetoka gramu 18. Sasa pima fahali: gramu 4.7. Gawanya 4.7 kwa 18, unapata lita 0.26, yaani sentimita za ujazo 260 hivi. Bronzi ina gramu 8.8 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo fahali mwenyewe ni kilo 2.3. Ongeza mkondo (gramu 420), kikombe kitakachobaki nusu mwishoni (gramu 630), na asilimia 5 inayopotea kama takataka na matone. Yeyusha kilo 3.5. Ukipungukiwa gramu mia mbili katikati ya kumimina, umepoteza sanamu nzima, kwa hiyo hesabu hii fanya ukiwa umetulia, kabla hujapaka ganda.

Ganda

Ganda lina kazi mbili zinazovutana: lizuie mchanga usiporomoke, na lipitishe gesi. Chukua puti ya ukutani yenye asili ya jipsamu sehemu tatu na unga laini wa tofali la moto sehemu moja, ule uliochekechwa kwenye soksi ya nailoni. Vaa barakoa unapousaga, vumbi lake linaharibu mapafu. Koroga na maji hadi uwe kama mtindi mwepesi unaotiririka kwenye kijiko bila kukatika, kisha tia matone mawili ya sabuni ya vyombo ili mchanganyiko usiikimbie stairofomu. Saruji nyeupe usiiguse. Inakuwa ngumu kweli, lakini haipumui, na gesi iliyonyimwa njia itarudi juu kupitia bronzi.

Paka kwa brashi laini safu ya kwanza nyembamba, ukiingiza kwenye masikio, kwapani na kati ya miguu, na kupasua kila puto la hewa kwa ncha ya brashi. Puto likibaki, bronzi italijaza, na fahali atatoka na chunusi. Ikikauka, rudia safu ya pili na, ikibidi, ya tatu. Unene wa mwisho uwe milimita 0.5 hadi 1. Paka na mkondo pia. Pale mkondo unapokutana na kikombe pekee ndipo stairofomu ibaki wazi.

Kwenye kukausha ndipo milima yetu inapowaadhibu wengi. Kati ya Juni na Oktoba, juani Mbeya au Iringa, ganda hukauka kwa siku mbili. Kuanzia Novemba mvua zinapoingia, au kwenye ukungu wa Mufindi, Njombe na Makete, siku nne zinaweza zisitoshe, na ganda lenye maji ndani huonekana jeupe na kavu kabisa kwa nje. Usiamini jicho wala kidole. Pima mfano kwenye mizani asubuhi, upime tena baada ya saa sita. Uzito ukipungua hata gramu moja, bado. Ukibaki uleule mara mbili mfululizo, umekauka. Unaweza kuuharakisha ndani ya kasha lenye taa ya joto, lakini usipite nyuzi 50. Stairofomu ikianza kulainika hujikunja ndani ya ganda, na hutajua hadi umimine.

Mchanga

Tafuta mchanga wa mto wenye punje ngumu za kung'aa. Ule wa Ruaha Mdogo unaouzwa Iringa kwa ujenzi, uliosagwa na maji kutoka kwenye miamba ya itale, ni mzuri. Upande wa Rungwe na Tukuyu jihadhari na mchanga wenye mawe mepesi ya volkano, yale ya kusugulia visigino. Ni mwepesi, kwa hiyo haushikilii ganda kwa uzito wa kutosha, na vitundu vyake vinaficha maji ambayo jua halitoi. (Mawe hayohayo hayana mfano kwenye tanuri, tutafika huko.)

Osha mchanga mpaka maji yatoke meupe, maana vumbi ndilo linaloziba njia ya gesi. Chekecha kwenye wavu wa mbu wa dirishani, tupa kilichobaki juu. Kisha ukaange juu ya bati pana kwenye moto, ukigeuza kwa koleo la ujenzi, hadi moshi wa mvuke uishe kabisa na kioo ukikishikilia juu yake kisipate umande. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takribani mara 1,700. Kijiko kimoja cha maji chini ya kilo tatu za bronzi kinatosha kuirusha usoni kwako.

Tanuri na mkaa

Ndoo ya chuma ya lita 20 inatosha. Kuta zake za ndani zipake udongo wa unene wa sentimita 5: udongo wa kichuguu uliopondwa sehemu mbili, vipande vidogo vya tofali lililochomwa sehemu moja, na unga wa mkaa sehemu moja. Udongo wa kichuguu ni wa zamani katika kazi hii. Wafipa wa Rukwa walijenga kwa udongo matanuri yao marefu ya kuyeyushia chuma, malungu, na mabaki yake yapo hadi leo. Nyuma ya udongo huo, kati yake na bati la ndoo, weka sentimita moja au mbili za mawe mepesi ya Rungwe yaliyopondwa. Yanashika joto lisikimbie. Yasikae ndani yakigusana na moto, yatalainika. Kausha kivulini wiki nzima, kisha washa moto mdogo wa kuni saa mbili, kesho yake moto mkubwa zaidi. Nyufa zitakuja. Zijaze kila baada ya kuyeyusha.

Bomba la upepo la inchi moja na nusu liingie sentimita 6 juu ya sakafu, likielekea pembeni ili moto uzunguke. Chungu cha grafaiti kikae juu ya kipande cha tofali cha sentimita 7, upepo usikipige moja kwa moja. Tafuta chungu cha kubeba angalau kilo 5 za bronzi. Maduka ya vifaa vya wachimbaji wa dhahabu, Chunya na Makongolosi, ndiyo ya kuulizia vyungu na boraksi, unga mweupe wa kusafishia metali iliyoyeyuka. Chungu kipya kichome taratibu kikiwa kitupu hadi kiwe chekundu, kisha kipoe ndani ya tanuri, vinginevyo unyevu wake utakipasua.

Mkaa wa miwati kutoka Njombe, mzito na unaolia ukigonganisha, ndio bora. Wa misindano ni mwepesi, unaisha kabla kopa haijalainika. Weka akiba ya kilo 8 kwa kazi hii.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani za dunia havilisemi. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi: kila lita ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko Dar es Salaam. Blowa (feni ya kupuliza upepo kwenye bomba) ileile iliyoyeyusha kopa kwa dakika 40 Dar itasuasua Mbeya, na Njombe zaidi. Tafuta blowa kubwa kidogo kuliko unayoelekezwa, na uwe na ya betri pembeni. Umeme ukikatika kopa ikiwa nusu uji nusu mawe, chungu kinaweza kupasuka kinapopoa.

Kopa na bati

Bronzi ya sanamu ni kopa sehemu tisa na bati sehemu moja. Kwa kilo 3.5: kopa kilo 3.15, bati gramu 350. Kopa peke yake huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Ukiongeza bati kiasi hicho, mchanganyiko unakuwa maji kamili kwenye nyuzi 1,000 hivi.

Neno bati huwapoteza watu. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, halihusiki. Linalotakiwa ni bati lenyewe, jeupe laini, kama linalochimbwa Kyerwa mkoani Kagera. Kwa rejareja njia rahisi ni waya wa kulehemu (solda) usio na risasi, ambao karibu wote ni bati. Soma lebo: ulioandikwa 60/40 una risasi asilimia 40, uache.

Kopa nunua kwa wauza skrepa wenye risiti, waya mnene uliovuliwa plastiki. Usichome plastiki, ivue kwa kisu. Kopa ya nyaya za umeme na za reli ya TAZARA inaibiwa, na aliyekutwa nayo ndiye anayejieleza polisi. Mabomba na koki za njano ni brasi, zina zinki inayochemka kwa nyuzi 907, chini kabisa ya joto lako la kazi. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku huohuo. Bushi za mitambo ni bronzi, lakini nyingi zina risasi. Kwa sanamu itakayoshikwa na watoto, ziache.

Kuyeyusha na kumimina

Kalibu iwe tayari kabla hujawasha. Ndoo nyingine ya chuma, sentimita 5 za mchanga chini, fahali juu yake miguu juu, kwa namna ambayo pande zote pabaki sentimita 6. Mwaga mchanga kama mvua nyembamba huku mwenzako akigonga ubavu wa ndoo kwa mti, mfululizo, dakika mbili zima. Chini ya tumbo na kati ya pembe na masikio ndipo mchanga unapogoma kuingia. Elekeza kwa kidole au unyasi. Mahali palipobaki tupu ganda litavunjika na bronzi itamwagikia humo. Jaza hadi mdomo wa mkondo, simika kopo, gonga tena. Weka ndoo juu ya kitanda cha mchanga mkavu cha sentimita 8, kamwe si kwenye sakafu ya zege. Zege lina maji ndani yake, na likimwagikiwa hulipuka vipande.

Mavazi: buti za ngozi, suruali ya pamba au jinzi ikishuka nje ya buti, aproni na glavu ndefu za ngozi, ngao ya uso. Nailoni na polista huyeyukia mwilini. Ndoo mbili za mchanga mkavu ziwe karibu, na maji yawe mbali. Watu wawili, mmoja wa kumimina na mmoja wa kuangalia. Fanya asubuhi kabla upepo haujaamka, nje, ukiwa umeupa upepo mgongo. Moshi wa stairofomu una sumu inayosababisha saratani na mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Barakoa ya kitambaa haizuii hata kimoja.

Tia kopa kwanza, ukiongeza vipande vilivyopashwa moto ukingoni mwa tanuri. Kipande cha baridi chenye umande kikizama kwenye kopa ya maji hurusha matone. Funika uso wa kopa kwa vipande vidogo vya mkaa na kijiko cha boraksi. Ikishakuwa maji kabisa, ongeza bati lililofungwa kwenye karatasi ya kopa, ulizamishe kwa fimbo ya chuma iliyopakwa udongo na kukaushwa, koroga dakika moja. Bati ukilitanguliza huungua na kupotea.

Kipimajoto cha aina ya K kikisoma 1,150 hadi 1,180, toa. Joto hili ni kubwa kuliko la kalibu tupu kwa makusudi, maana bronzi italipa sehemu ya joto lake kuunguza stairofomu. Huna kipimajoto? Zamisha ncha ya nondo kavu iliyopashwa, hesabu tatu, toa. Bronzi ikiganda na kung'ang'ania nondo, subiri. Ikiteleza yote na nondo ikatoka safi, ongeza dakika tatu tu, kisha toa. Kupitiliza kunaleta gesi nyingi kwenye bronzi na matundu madogo kama ya mkate.

Engua takataka, halafu mimina. Mdomo wa chungu uwe karibu na kikombe, sentimita tano tu. Anza taratibu sekunde moja, mara mwali mweusi na mwekundu utaruka, usishituke, usisite. Jaza kikombe na ukiweke kimejaa hadi mwisho. Kazi yote ni sekunde nne hadi sita. Ukisita, stairofomu iliyo mbele ya bronzi inaendelea kuungua peke yake, pango linabaki bila kitu, ganda linaporomoka. Bronzi iliyobaki mimina kwenye kikaangio cha chuma kilichopashwa moto.

Sasa ondoka. Dakika 45 usiguse ndoo. Bronzi ya nyuzi 400 haina rangi yoyote ya kukuonya.

Kasoro na chanzo chake

Mistari kama mikunjo ya ngozi, yenye masizi ndani, ni mikondo miwili ya bronzi iliyokutana ikiwa imepoa. Ongeza nyuzi 30, au tafuta stairofomu nyepesi zaidi. Pembe fupi za mviringo: mkondo mfupi au pembe nyembamba. Mabonge ya mchanga yaliyogandamana kwapani: ganda halikufika au mchanga haukugongwa. Matundu ya kung'aa, ya mviringo, chini kidogo ya ngozi: ni gesi, na ndiyo kasoro inayowachanganya wengi, kwa sababu ina vyanzo vitatu. Yakikusanyika upande wa juu, gesi ya stairofomu ilikosa kutoka, kwa hiyo ganda ni nene au mchanga una vumbi. Yakisambaa mwili mzima, bronzi yenyewe ilikunywa gesi kwenye tanuri, mkaa ulikuwa na unyevu au wewe ulikawia mno kuitoa. Na yakiwa sehemu moja tu, pamoja na ganda lililobanduka hapo, ni maji: ganda halikukauka. Bonde kwenye kitako kuzunguka mkondo ni kusinyaa, nenepesha mkondo.

Kumaliza

Pukuta mchanga, sugua ganda kwa maji na brashi ya waya. Kata mkondo kwa msumeno wa chuma. Chonga pembe kwa tupa bapa kisha ya mviringo, ukianzia shinani kwenda nchani, na uache mikwaruzo ya kisu chako mgongoni kama ilivyotoka. Alama za punje za stairofomu zilizosalia kwenye shingo zinafanana na manyoya, na wengi huzifuta bure. Tundu dogo toboa kwa keekee, pigilia kijiti cha bronzi ileile, lainisha.

Rangi ya kijani inapatikana kwa kuipaka chumvi iliyoyeyushwa kwenye siki, mara mbili kwa siku kwa siku nne au tano. Ukitaka hudhurungi iliyotulia, pasha sanamu kwa taa ya gesi hadi tone la maji liruke juu yake, paka nta ya nyuki kwa kitambaa cha pamba, acha ipoe, ing'arishe.

Mkondo na kikombe ulivyokata usivichanganye na skrepa nyingine. Viandike uzito na tarehe. Kwenye kuyeyusha kunakofuata vinaweza kuwa hadi nusu ya bronzi yote, na kwa kila kilo moja ya masalia hayo ongeza gramu 5 za bati kufidia lililoungua.